Kijiji Kwenye Kitambaa: Nani Anachagua cha Kushona?



Hapa Lushebere, akina mama wanajua kudarizi. Wanashona maua na ndege kwenye mashuka na vitambaa vya meza. Ufundi wa namna hiyo una historia katika eneo letu. Wakati wa Wabelgiji kulikuwa nyumba za mafunzo ya wanawake, zilizoitwa fuaye. Ile ya Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, ilifanya kazi toka 1946 mpaka 1960. Mule mama alifundishwa kushona, kupika, kupiga pasi na kulea watoto. Mfano wa nyumba nzuri ulitoka Ulaya.

Lakini kitambaa kinaweza pia kubeba kijiji chenyewe. Rutongo, kaskazini ya Kigali, karakana ya kudarizi ilianzishwa 1997, miaka mitatu baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Wanawake Wahutu na Watutsi walikaa pamoja, wakajaza kitambaa kwa nyuzi za rangi: soko, shamba, ng'ombe, watu njiani. Ukisimama mbali unadhani ni picha ya rangi. Ukikaribia ndipo unaona uzi.

Mfano mwingine uko mbali, lakini unagusa kila mtu aliyewahi kulala chini ya bashi. Vita ya Laos ilipoisha 1975, Wahmong wengi walikimbilia Thailand. Zamani walidarizi michoro ya asili, bila picha za watu. Kwenye makambi kama Ban Vinai wakaanza kushona maisha yao: mashamba ya mpunga, kuku, kisha ndege za vita, kisha watu wakivuka mto Mekong. Vitambaa viliuzwa, vikasaidia familia. Ila mnunuzi naye alileta masharti. Rangi zikapunguzwa ukali, na maneno ya Kiingereza yakashonwa chini ya picha, hata na mama ambaye hakuweza kuyasoma.

Hapo ndipo penye somo kwetu. Toka vita ya 1993, iliyoanzia Ntoto kule Walikale, watu wa Masisi wamekimbia na kurudi mara nyingi. Anayerudi mara nyingi hana karatasi ya shamba. Kwa hiyo picha ya kijiji si pambo tu. Kitambaa kinachoonyesha nyumba za upande mmoja kitasomeka kama madai ya ardhi, na jirani aliyesahauliwa atajiona amefukuzwa mara ya pili. Wahunde, Wahutu, Watutsi, Watwa: kila mmoja atatafuta mlango wake.

Basi, kabla ya sindano, kikao. Akina mama wa kila upande wakae na wazee, wakubaliane: chemchemi iko wapi, njia ya soko, ndizi za kasiksi, malisho ya ng'ombe, salongo, likirimba. Kambi nayo ionekane, maana watoto wengine hawajui kijiji kingine. Pale wasipokubaliana, waache nafasi wazi, waendelee kuzungumza.

Kitambaa cha kwanza kibaki Lushebere. Kitakachouzwa kiwe nakala. Na ninyi wafadhili, nunueni, tena kwa bei nzuri; lakini picha tuachieni tuchague wenyewe.