Rangi ya Waridi Ilisema Nini?

Mafuta ya kupikia yakikaa wazi sana, hewa huyaharibu, yakanuka. Kumbe mafuta ya utando wa seli zako nayo hupatwa na hayo hayo. Mwaka wa 1944, Kohn na Liversedge waliona tishu ya ubongo iliyokaa kwenye hewa ikitoa rangi ikichanganywa na asidi ya thiobabituriki. Kilichoitoa hawakukijua, baadaye kikatambuliwa kuwa malondialdehidi, masalio ya mafuta yaliyovunjika. Mwaka wa 1963, Hochstein na Ernster wakaonyesha kwamba vimeng'enya vya seli za ini vyenyewe huchochea uharibifu huo. Rangi hiyo ya waridi ikawa kipimo cha kila maabara. Shida? Hata sukari fulani huitoa. Ndiyo maana watafiti makini huandika tu "vitu vinavyoitikia asidi hiyo", basi.