Mweka: Darasa Lililobeba Ahadi ya Arusha

Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru wa Tanganyika, wataalamu wa uhifadhi kutoka nchi mbalimbali walikutana Arusha wakiwa na wasiwasi mmoja: wakoloni wakiondoka, nani atawalinda tembo na faru wa nyika hizi? Julius Nyerere, wakati huo Waziri Mkuu, aliwajibu kwa Tamko la Arusha, ambalo ni tofauti na Azimio la Arusha la mwaka 1967.

Tamko hilo lilikubali dhamana ya kuwatunza wanyamapori kwa ajili ya watoto na wajukuu. Lilisema pia kuwa kazi hiyo inadai utaalamu, fedha na watu waliofunzwa, likayaomba mataifa mengine ushirikiano.

Watu waliofunzwa ndio waliokuwa adimu. Chini ya ukoloni, Mwafrika alikuwa askari wa porini, mfuata nyayo au mpagazi. Aliijua nyika kuliko aliyemwajiri, lakini cheo cha bwana nyama, mwenye kuamua nani awinde, wapi na lini, kwa kawaida kilikuwa cha Mzungu.

Mwaka 1963 chuo kikafunguliwa Mweka, kwenye miteremko ya Kilimanjaro juu ya mji wa Moshi. Bruce Kinloch, aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyamapori Tanganyika, alikuwa mstari wa mbele kukianzisha. Hugh Lamprey, mwanabiolojia, akawa mkuu wake wa kwanza. Misaada ilitoka Marekani na Ujerumani Magharibi, na mwaka 1964 sheria ikakipa chuo msingi. Tangu awali kililenga bara zima, kikawafunza vijana kutoka nchi nyingi za Afrika. Kwa nchi zinazotumia Kifaransa, chuo kama hicho kilifunguliwa Garoua, Kamerun, mwaka 1970.

Mweka ilijijengea sifa kwa kutoa masomo nje ya darasa. Ikolojia na sheria zilikwenda pamoja na safari za porini, matumizi ya silaha, usomaji wa ramani na kuhesabu wanyama. Sababu ni kwamba hifadhi nyingi ziko mbali na mji, na mkuu wa kituo hulazimika kuamua mwenyewe, papo hapo.

Ngazi nyingine zikafuata. Chuo cha Pasiansi, Mwanza, kilianza kufunza askari wa wanyamapori mwaka 1966. Kenya ilianzisha vilabu vya wanyamapori mashuleni mwaka 1968. Tanzania ikafuata na vilabu vya Malihai mwaka 1980. Kisha, mwaka 1995, kituo cha Likuyu Sekamaganga mkoani Ruvuma kikaanza kuwafunza askari wa vijiji, na Sera ya Wanyamapori ya 1998 ikawapa wanavijiji nafasi ya kusimamia wanyama walio kwenye ardhi yao.

Hapo sura ya kiongozi wa uhifadhi ilibadilika. Kupambana na jangili bado ni kazi yake, lakini sasa lazima aweze pia kukaa kwenye mkutano wa kijiji, amsikilize mama ambaye tembo wamemaliza mahindi yake usiku, na aondoke akiwa ameaminiwa.

Kwa hiyo kizazi kijacho cha viongozi kitafutwe kwanza katika vijiji vinavyopakana na hifadhi. Watoto wa huko hulipa gharama ya kuishi na wanyama kila msimu. Wasomeshwe, walipiwe ada, wapewe vyeo vya maamuzi. Mwaka 1961 tuliahidi kuwatunza wanyama kwa ajili ya wajukuu. Wajukuu hao wamekwisha kukua, na wanastahili kukabidhiwa usukani.