Zizi, dungu na simba: historia ya kujikinga usiku kusini

Machi 1866, meli ya Kiingereza iitwayo Penguin ilifika kwenye mlango wa Mto Ruvuma, kusini mwa Msimbati, ikikokota jahazi lililojaa ngamia, punda na nyati wa kufugwa kutoka Bara Hindi. Mikoko ilizuia kuwashusha. Mwenye msafara, David Livingstone, akageuza kwenda Ghuba ya Mikindani, akashukia huko, kisha akaajiri Wamakonde wamkatie njia vichakani. Alitaka kujua kama wanyama hao wangestahimili ndorobo. Hawakufika mbali: waliumwa na ndorobo, wakapigwa na kubebeshwa mizigo kupita kiasi, wakafa mmoja baada ya mwingine.

Ndorobo ndiye aliyeamua historia ya ufugaji katika pwani hii. Wakati Wamasai na Wasukuma wakihesabu utajiri kwa ng'ombe, huku kusini watu walibaki na kuku na mbuzi wachache. Mali ilikuwa shambani: mihogo, mtama, mahindi, karanga, baadaye korosho. Kwa hiyo kilichohitaji ulinzi kilikuwa shamba, na adui wa kwanza alikuwa nguruwe mwitu.

Wigo wa fito haumzuii nguruwe kwa muda mrefu. Mchwa huula, na nguruwe hufukua chini yake akapita. Ndipo mkulima akawa wigo yeye mwenyewe. Mazao yanapokaribia kukomaa, familia huhamia shambani na kulala kwenye dungu au kibanda cha makuti, wakipiga kelele na kuwasha moto hadi alfajiri. Lakini nguruwe ana mwindaji wake. Simba humfuata hadi shambani, na huko humkuta binadamu aliyelala nyuma ya ukuta wa nyasi.

Mwaka 2005, Craig Packer na wenzake, wakiwemo Dennis Ikanda na Bernard Kissui, walichapisha katika jarida la Nature hesabu inayotisha: tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania wasiopungua 563 na kujeruhi zaidi ya 300. Mikoa ya kusini, Lindi na Mtwara ikiwemo, ilikuwa miongoni mwa iliyoumia zaidi. Mashambulizi yaliongezeka msimu wa mavuno, tena mahali ambapo wanyama wengine wa porini wamepungua na nguruwe wamebaki. Utafiti wao wa 2011 uliongeza jambo ambalo kila mzazi kijijini anapaswa kulijua: hatari huwa kubwa zaidi siku zinazofuata mwezi mpevu, katika saa za mwanzo za usiku, kabla mwezi haujachomoza.

Huko kaskazini, wafugaji walijenga zizi la miiba mikavu. Lina faida zake, lakini simba aliyekusudia hulipenya. Mwaka 1898, wajenzi wa reli kule Tsavo walizungushia kambi zao miiba, na bado simba wawili waliingia na kuwaburura watu nje. Kwa mifugo kuna udhaifu mwingine: simba akinguruma nje, kondoo na ng'ombe hutaharuki, wakavunja zizi wenyewe na kukimbilia gizani, wakaishia mdomoni mwake. Zizi bora ni lile linalomzuia wa nje asiingie na wa ndani asitoke.

Ulimwengu ulijibu kwa waya. Mwaka 1874 Joseph Glidden wa Illinois, Marekani, alipata hataza ya seng'enge. Australia, kwa uzio ulioanza kujengwa miaka ya 1880, imewatenga kondoo na mbwa mwitu waitwao dingo kwa zaidi ya kilometa 5,600. Mkulima wetu hawezi kumudu gharama ya namna hiyo.

Jibu lililotufaa lilizaliwa Simanjiro, Manyara. Shirika la African People & Wildlife, pamoja na wafugaji wa Kimasai, lilieneza kuta hai: vigingi vibichi vya miti ya jamii ya manemane huchomekwa ardhini, hutoa mizizi na kuchipua, na kati yake hufungwa wavu wa chuma. Nguzo haiozi kwa sababu iko hai, na migunga haikatwi kila mwaka kwa ajili ya miiba. Mazizi hayo yamezuia karibu mashambulizi yote ya usiku.

Kwa nini habari hii imhusu mtu wa Msimbati, kijiji kinachojulikana zaidi kwa matumbawe yake na gesi iliyogunduliwa 1982? Kwa sababu kusini kumebadilika. Wafugaji walioondolewa Usangu na Ihefu mwaka 2006 walielekezwa Lindi, na ng'ombe sasa wanaonekana hadi Tunduru na bonde la Ruvuma. Zizi limekuja mahali palipozoea dungu, na simba bado wapo katika misitu ya pande zote mbili za mto.

Tangu 2011 Serikali ina kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi kwa walioathiriwa na wanyama wakali. Ni haki yao, lakini hulipwa baada ya msiba. Halmashauri za Mtwara na Lindi zitenge fedha za wavu na miche, maofisa mifugo wafundishe ujenzi wa kuta hai, na mashamba yaliyo pembezoni mwa misitu yapewe ulinzi uleule unaopewa mbuzi. Mkulima amekuwa wigo kwa muda mrefu mno.