Kupokeana kwa Wakristo wa madhehebu tofauti (Malindi na Kilifi)

Kupokeana ni hali ya Wakristo kukubaliana kuwa ndugu ijapokuwa hawalingani katika ubatizo, Meza ya Bwana, vyeo vya kanisa, chakula, kinywaji au siku ya ibada. Andiko linalotajwa sana ni Waraka kwa Warumi, sura ya 14 na mwanzo wa 15, ambako walaji wa nyama na walaji wa mboga wanaonywa wasihukumiane. Katika pwani ya Kenya, kuanzia Rabai hadi Malindi, kupokeana kulianza kama haja kabla ya kuwa fundisho: wamishonari walikuwa wachache, homa ilikuwa nyingi, na waliokimbilia kwao hawakuuliza dhehebu.

Kisa cha 1498

Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwezi wa Aprili 1498, alikuta merikebu za Wahindi bandarini. Wareno waliwadhania kuwa Wakristo, wakawaonyesha picha ya Bikira Maria. Wahindi hao wakaisujudia, na shajara ya safari ikaandika kwa furaha kwamba ndugu wa imani wamepatikana. Wanahistoria huwahesabu kuwa Wahindu. Kwa hiyo mapokezi ya kwanza ya "Wakristo wenzetu" yaliyoandikwa Malindi yalikuwa ya watu wasiokuwa Wakristo. Francis Xavier naye alipita hapo mwaka 1542 akielekea Goa.

Rabai na Ribe

Johann Ludwig Krapf alikuwa Mlutheri wa Württemberg aliyesomea Basel, kisha akaajiriwa na Church Missionary Society (CMS), shirika la Waanglikana wa Uingereza. Waingereza waliojitolea kwenda ng'ambo walikuwa haba, na Wajerumani ndio waliojaza pengo. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na baada ya miezi michache tu akamzika mkewe Rosine pamoja na binti yao mchanga. Mwaka 1846 alipata mwenzake, Johannes Rebmann, naye pia wa Württemberg, wakafungua kituo Rabai. Wazee wa Kirabai, ambao Luther na Malkia wa Uingereza hawakuwahusu ndewe wala sikio, waliwapa mahali pa kukaa.

Alichofanya Krapf baadaye ndicho kinachomweka katika makala haya. Afya ilimrudisha Ujerumani mwaka 1853. Aliporejea mwaka 1862 hakuja tena kwa niaba ya Waanglikana, bali aliwaongoza Wamethodisti wa United Methodist Free Churches, akiwemo Thomas Wakefield, na kituo chao kikafunguliwa Ribe, si mbali na Rabai alikobaki Rebmann. Mtu mmoja, Mlutheri kwa malezi, akawa mzazi wa makanisa mawili yasiyokuwa lake. Kanisa la Methodisti Kenya huhesabu miaka yake tangu 1862 na Waanglikana tangu 1844, na kila upande humtaja Krapf kama wake.

Vituo hivyo vilijaa si kwa mahubiri peke yake. Watumwa waliotoroka mashamba ya Malindi, Takaungu na Mombasa walivikimbilia, na wamishonari wenyewe hawakukubaliana kama watoro wafichwe au warudishwe. William Jones, Mwafrika aliyekombolewa utumwani na kulelewa India, ndiye aliyeisimamia Rabai katika miaka hiyo ya mashaka. Huko Fuladoyo watoro walikaa na kusali chini ya Mgiriama David Koi, bila mmishonari wa kudumu. Koi aliuawa mwaka 1883. Hatimaye, Januari 1889, George Mackenzie wa kampuni ya Imperial British East Africa (IBEA) (asichanganywe na mhubiri anayetajwa chini) aliwalipa fidia waliodai watumwa wao, na zaidi ya watu 1,400 wakapewa hati za uhuru.

Mkutano wa Kikuyu

Juni 1913 wamishonari wa Kiprotestanti walikutana Kikuyu, bara, kujadili shirikisho. Mwishoni William Peel, askofu wa Kianglikana wa Mombasa ambaye dayosisi yake ilibeba pwani yote hii, aliongoza Ushirika Mtakatifu ndani ya kanisa la Wapresbiteri, na wasiokuwa Waanglikana wakashiriki. Frank Weston, askofu wa Zanzibar, aliwashtaki Peel na mwenzake Willis wa Uganda kwa uzushi mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury. Ugomvi ulitikisa Uingereza nzima hadi vita vya 1914 vilipoufunika. Vijijini Rabai na Ribe watu waliendelea kuoana.

Biblia na majina

Biblia ya Union Version ya 1952 iliunganisha kazi ya Waanglikana wa Mombasa na ile ya wenzao wa Zanzibar. Hata hivyo Mkatoliki bado hutamka "Kristu" na Mprotestanti "Kristo". Mmoja ana padre, mwingine kasisi au mchungaji.

Mnazi na wake wengi

Kadzama, yaani tembo la mnazi linalotolewa wakati wa posa miongoni mwa Wamijikenda, huwatenga waliookoka na ndugu zao. Familia nyingine hutoa soda au pesa badala yake. Kuhusu wake wengi, maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth walikataza mwaka 1888 mume wa wake wengi asibatizwe, wakalegeza mwaka 1988.

Shakahola

Tangu Aprili 2023 zaidi ya miili 400 imefukuliwa katika msitu wa Shakahola, Magarini. Paul Mackenzie, kiongozi wa Good News International, anashtakiwa kuhusiana na vifo vya wafuasi waliofunga chakula hadi kufa, naye amekana mashtaka. Makanisa yaliyozoea kutoingiliana yaliulizwa kwa nini yalinyamaza. Serikali iliunda jopo chini ya kasisi Mutava Musyimi, aliyewahi kuwa katibu mkuu wa Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya (NCCK), na ripoti yake ikakabidhiwa mwaka 2024.

Hali ya sasa

Jimbo Katoliki la Malindi liliundwa mwaka 2000 chini ya Francis Baldacchino, Mkapuchini wa Malta. Waanglikana nao wana dayosisi yao ya Malindi. Ijumaa ya kwanza ya Machi huadhimishwa kama siku ya maombi ya wanawake wa madhehebu mbalimbali. Wakatoliki na Waprotestanti bado hawashiriki mkate na divai pamoja.