Mimea isiyo na mbegu huishije Garissa?

Ukimwambia mtu wa Lamu kwamba Garissa kunaota kangaga, atadhani unamfanyia mzaha. Sisi tumezoea kuliona kwenye mikoko na kando ya chemchemi, na Garissa hupata mvua ya milimita 300 hivi kwa mwaka. Lakini lipo, pamoja na jamaa zake wasiotoa mbegu, na anayenywesha mifugo kwenye silanga ana sababu ya kuwajua.

Tofauti ya msingi ni hii. Mathenge imeenea kote huko kwa sababu mbegu yake ina chakula ndani na ganda gumu nje. Mbuzi hula tunda, mbegu hupita tumboni salama na kuota kwenye samadi. Mimea isiyo na mbegu hutoa spora, vumbi laini ambalo kila punje yake ni seli moja tu. Tena spora ikishaota, chembe ya kiume lazima iogelee hadi kwenye yai. Pasipo maji, hakuna kizazi.

Kundi la kwanza ni kuvumwani na nduguze. Hawana mishipa ya kupitisha maji wala mizizi ya kweli, hivyo hubaki wafupi mno. Kuvumwani hukauka hadi ukadhani imekufa, kisha mvua ikinyesha inarudi kijani kwa dakika chache. Nduguye Riccia hutandaza viduara vya kijani kwenye tope linaloanza kukauka. Wengi huvikanyaga bila kuviona.

Kundi la pili, la Selaginella, lina mishipa, ila vijani vyake ni vidogo, kila kimoja na mshipa mmoja. Jamaa zake wa kale walikuwa miti mirefu iliyogeuka makaa ya mawe. Kwetu halina habari nyingi.

Kangaga ndilo kundi lenye mambo. Lina mishipa na majani mapana, na spora hukaa chini ya jani. Lile liitwalo Actiniopteris, mfano wa kimnazi kidogo, hujikunja kwenye nyufa za miamba kungoja mvua. Ninalolistahi zaidi ni Marsilea, lenye vijani vinne kama msalaba, linaloota kwenye madimbwi ya msimu. Hufungia spora zake ndani ya kidonge kigumu kama punje ya kunde. Dimbwi likikauka, kidonge hulala kwenye udongo miaka mingi, na maji yakirudi hupasuka. Azolla nalo huelea. Ndani ya majani yake huishi bakteria wanaonasa nitrojeni ya hewani, ndiyo maana wakulima wa mpunga huko Asia hulitumia kama mbolea.

Sasa, si kila kijani cha silanga ni mmea. Ule utando wa kijani-samawati ni bakteria, na baadhi yao wana sumu inayoua mifugo. Kuchemsha maji hakuiondoi. Chovya kijiti. Ukiinua vijimea vyenye vimizizi vinavyoning'inia, hilo si tatizo. Kijiti kikitoka kimepakwa kama rangi ya ukutani, usiguse maji hayo kwa mkono, ondoa mifugo, zuia watoto, na umwite afisa wa mifugo siku hiyo hiyo.