Chango, au kuna jina jingine?

Jana nilipita Mizingani, mbele ya ile Dispensari Kongwe ya Tharia Topan iliyokamilika 1894, nikamkumbuka dada yangu. Miaka yote maumivu yake chini ya kitovu tumeyaita chango. Sasa daktari anashuku endometriosisi: utando kama wa ndani ya mji wa mimba kuota nje yake.

Jamani, Rokitansky wa Vienna aliueleza 1860, miaka 34 kabla ya jengo lile! Kwa muda mrefu uhakika ulitaka upasuaji, kamera iingie tumboni. Mwongozo wa Ulaya wa 2022 unaanza na altrasaundi au MRI, au kujaribu dawa za homoni.

Ila picha safi haimaanishi huumwi. Ya dada imetoka safi, maumivu yapo. Dawa au kamera? Ataamua mwenyewe. Sisi tuache kusema "chango tu".