Karatasi za Bepari: Nyaraka za William Mackinnon na Pwani ya Mombasa

Makala haya yanakusudia kuzitazama nyaraka za mfanyabiashara mmoja kama maandishi yanayostahili kuhakikiwa. Wahakiki wa fasihi tumezoea kuwaachia wanahistoria barua za biashara, mikataba na hesabu za ushuru, kwa dhana kwamba mna takwimu tu ndani yake. Dhana hii ina hasara kwetu watu wa pwani, kwa kuwa sehemu kubwa ya hatima yetu iliandikwa kwanza katika karatasi za namna hiyo.

William Mackinnon alizaliwa Campbeltown, Uskoti, mwaka 1823. Alikwenda Bara Hindi mwaka 1847, akaingia katika biashara ya Calcutta, na hatimaye akajenga kampuni ya meli iliyojulikana tangu 1862 kwa jina la British India Steam Navigation Company. Mwaka 1872 meli zake zilianza kuleta barua Unguja. Kutokana na njia hiyo ya barua ilizaliwa tamaa ya nchi. Jaribio lake la kwanza la kukodi bara la Sultani, katika miaka ya 1877 na 1878, halikufaulu. Tarehe 24 Mei 1887 Sayyid Barghash alikubali, na tarehe 3 Septemba 1888 kampuni ya Mackinnon, ambayo kwa kifupi huitwa IBEA, ikapata hati ya kifalme. Mackinnon alifariki dunia mwaka 1893. Nyaraka zake, za binafsi na za biashara, zimehifadhiwa katika maktaba ya chuo cha SOAS, London.

Tuanze na mkataba wenyewe. Kwa mkataba wa 1887, Sultani alikabidhi mamlaka yake katika mwambao wa kutoka Wanga hadi Kipini kwa muda wa miaka 50. Utawala ungeendeshwa kwa jina lake na chini ya bendera yake, naye angehakikishiwa mapato ya ushuru. Msomaji wa fasihi hana budi kuuliza: ni nani anayesema katika maandishi haya? Sauti inayosikika ni ya Sultani, maana yeye ndiye mtoaji. Lakini nia inayoongoza kila kifungu ni ya mpokeaji. Aidha, wenyeji hawana kauli. Wanatajwa kama watu wa kutawaliwa na kutozwa, wala hakuna mahali wanapojibu. Hii ni mbinu ya usimulizi ambayo tungeitambua mara moja kama tungeikuta katika riwaya: msimulizi anayevaa sauti ya mtu mwingine.

Ili tuione vyema mbinu hiyo, tuilinganishe na maandishi ya mfanyabiashara wa upande wa pili. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliandika maisha yake kwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Njia za watu hawa wawili zilikutana mwaka 1887. Mackinnon alikuwa mwenyekiti wa kamati iliyompeleka Stanley kumwokoa Emin Pasha. Tippu Tip aliahidi kutoa wapagazi 600. Wapagazi hawakufika kama ilivyotarajiwa, na ugomvi ukaishia kwenye madai ya fedha Unguja. Tippu Tip alishikilia kwamba baruti aliyoahidiwa hakupewa. Bila shaka, naye ni mtetezi wa nafsi yake: wale waliotekwa katika safari zake hawasemi katika kitabu chake, kama vile watu wa pwani wasivyosema katika mkataba wa Barghash. Hata hivyo, bei ya pembe kwa frasila, deni, na mazungumzo ya ana kwa ana vinakaa pamoja katika masimulizi yake. Biashara kwake ni jambo la watu wenye majina na maneno yao. Katika mkataba imegeuzwa kuwa vifungu.

Upo waraka mwingine wa kampuni unaotukaribia zaidi sisi tunaoishi Kisauni. Tarehe 1 Januari 1889, George Mackenzie, mwakilishi wa kampuni, aligawa Rabai hati za uhuru kwa watumwa watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa wamekimbilia misheni, baada ya kupatana na mabwana wao juu ya fidia. Kutoka Magogoni si mbali kufika Kengeleni, ambako kengele ya Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa katika miaka ya 1870, bado inakumbukwa kwa jina la mahali. Kwa aliyepewa, hati ile ilikuwa maisha mapya. Kwa kampuni, ilikuwa pia gharama ya kununua amani na mabwana. Karatasi moja, maana mbili.

Mwaka 1895 kampuni iliachia nchi, na serikali ya Uingereza ikaitangaza kuwa himaya. Kampuni ililipwa pauni 250,000, na 200,000 kati ya hizo zilitoka katika fedha za Sultani mwenyewe. Mtoaji akawa mlipaji. Baadaye, sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka wenye madai wayathibitishe, na ardhi isiyothibitishwa ikawa ya serikali. Asiyekuwa na karatasi hakuwa na shamba, hata kama minazi ilipandwa na babu yake. Suala la maskwota wa pwani haliwezi kueleweka pasipo historia hii ya maandishi.

Katika maktaba hiyohiyo ya SOAS zimo pia karatasi za mmisionari W. E. Taylor, ambaye kwa msaada wa Mwalimu Sikujua wa Mombasa alikusanya mashairi ya Muyaka bin Haji. Mshairi aliyeusemea mji na bepari aliyeukodi wanalala chini ya paa moja, wote wawili mbali na Mombasa. Tumemsoma Muyaka kwa bidii, na inafaa. Lakini mhakiki anayeweza kufichua fumbo la mshairi anaweza pia kufichua fumbo la kifungu cha mkataba. Kazi hiyo tusipoifanya, tutaendelea kuishi ndani ya maandishi ambayo hatujayasoma.